Mfarishi Uliolala Kabatini Miaka 11: Nifumue au Niendelee?

Swali: "Mwalimu, miaka 11 iliyopita nilianza kushona mfarishi wa viraka kwa ajili ya kitanda. Nilipanga miraba 30, mitano kwa sita, kila mmoja wa sentimita 30 na wenye viraka vidogo 36. Nilimaliza miraba 23. Katikati ya kazi cherehani yangu iliharibika nikahamia nyingine. Nilipoanza kuunganisha, miraba ikakataa kulingana: ile ya mwanzo ni mikubwa, ya mwisho ni midogo, na tofauti inafika sentimita nzima. Nilikasirika, nikakunja kila kitu, pini zikiwemo, nikatia kwenye mfuko wa plastiki. Juzi nimeufungua. Kuna mikunjo mikali, madoa ya kutu palipokuwa na pini, mistari ya kalamu ya buluu ya kufutika kwa maji, na harufu ya uvundo. Kitambaa cha kijani nilichokitegemea kimekwisha na hakipatikani tena. Je, nifumue yote nianze upya? Nifue kwanza? Na hata nikimaliza uso, nitashonaje tabaka tatu kwa cherehani ya kawaida? Kusema kweli, naona aibu hata kuutazama."

Kabla sijajibu lolote, naomba uizime pasi. Najua kwamba mtu akifungua kitambaa chenye mikunjo ya miaka 11, mkono huiendea pasi wenyewe, lakini umetaja mistari ya kalamu ya buluu, na wino wa kalamu hizo ukipata joto kabla haujasuzwa unaweza kugeuka doa la kudumu. Nayasema haya kama mtu aliyekwisha kuungua: foronya yangu ya kwanza ya viraka ina mistari ya rangi ya chai hadi leo, kwa sababu nilipiga pasi jioni nikikusudia kuisuza asubuhi. Maji baridi hutangulia, joto hufuata. Tutarudi hapo.

Nikianza na lile ulilolisema mwisho, sioni sababu ya aibu. Mtu mvivu hashoni viraka 828, na hiyo ndiyo idadi iliyomo katika miraba yako 23. Kwa uzoefu wangu, kazi ndefu ya mikono haisimami popote ovyo. Husimama mahali ambapo ufundi mmoja umekwisha na mwingine haujaanza kueleweka, au mahali ambapo kosa la zamani lililokuwa limejificha linajitokeza. Wewe ulisimama penye yote mawili kwa pamoja: kosa la kushona viraka lilijitokeza ulipoanza kuunganisha miraba, na nyuma yake ilikuwepo hofu ya tabaka tatu (uso wa viraka, ujazo laini wa katikati na bitana ya nyuma) ambayo naisikia katika swali lako la mwisho. Ndiyo maana ninapoletewa mfarishi ulioachwa, sianzi kwa kutazama mahali uliposimama. Natazama hatua moja nyuma ya hapo. Kosa karibu kila mara huwa hapo, na kwako limejieleza lenyewe katika sentensi moja: "nikahamia nyingine."

Akiba ya mshono, yaani ule ukingo wa kitambaa unaobaki upande wa ndani, katika kazi ya viraka ni robo inchi, karibu milimita 6. Wengi wetu hatuipimi kwa rula. Tunaweka ukingo wa kitambaa usawa na ukingo wa mguu wa cherehani na kuuamini huo mguu. Sasa chukulia kwamba mguu wa cherehani ya pili ni mpana kidogo kuliko wa kwanza, ukakupa milimita 7. Milimita moja ni karibu na upana wa mstari wa chaki iliyochongwa, na hakuna jicho litakaloiona kwenye mshono mmoja. Lakini kila mshono hula kitambaa pande zote mbili, hivyo milimita moja inakuwa mbili. Safu ya viraka sita ina mishono mitano ya ndani. Mbili mara tano ni milimita 10, na hiyo ndiyo ile sentimita nzima uliyoitaja. Mraba uliopaswa kuwa na sentimita 31.2 kabla ya kuunganishwa, ukijumlisha akiba za nje, umekuwa na 30.2. Hukukosea katika kukata wala mikono yako haikulegea. Kama tofauti zingekuwa zimetawanyika bila mpangilio, mkubwa hapa na mdogo pale, ningeshuku ukataji, au pasi iliyosukumwa huku na huku hadi ikavuta kitambaa kwa hanamu. Zako zina mpangilio: za mwanzo upande mmoja, za mwisho upande mwingine. Huo ni ushahidi wa chombo kilichobadilika.

Unaweza kuhakikisha kwa dakika kumi. Kata vipande vitatu vya kitambaa chochote cha pamba, kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 4 kamili, uvishone ubavu kwa ubavu kwa cherehani unayotumia sasa, ulaze mishono kwa pasi, kisha pima kipande cha katikati. Kikiwa na sentimita 2.8, akiba yako ni milimita 6 na hakuna la kurekebisha. Kikiwa na 2.6, akiba ni 7. Utasogeza kitambaa kidogo kidogo na kurudia kipimo hadi 2.8 ipatikane, kisha utabandika mkanda wa gundi kwenye sahani ya cherehani, upande wa kulia wa sindano, uwe ukuta wa kuegemeza kitambaa. Kuanzia hapo usiuamini mguu, amini ukuta.

Je, ufumue? Hapana, na nina sababu tatu za kulisema hilo kwa uhakika. Kwanza, kila mraba una mishono 35, mifupi 30 na mirefu mitano, kwa hiyo miraba 23 ina mishono 805. Pili, kiraka kilichofumuliwa hakirudi kuwa kiraka kipya: kina matundu ya sindano, kingo zake zinachomoka nyuzi, na akiba ya milimita 6 haina cha kupoteza. Tatu, na hii ndiyo inayosahaulika, kufumua hakuondoi sababu iliyokukwamisha. Mwanafunzi anayefumua yote mara nyingi hurudi kabatini akiwa kwenye mraba wa nne. Fumua palipooza, paliporaruka, au palipo na doa lisilovumilika. Kwingine, acha mishono ilale.

Lakini miraba mikubwa na midogo haiwezi kuunganishwa hivi hivi, na hapa kuna njia kadhaa ambazo ni haki yako kuzijua zote. Tofauti ndogo, tuseme milimita 2 au 3 kwa mraba wa sentimita 30, humezwa wakati wa kushona: bana ncha zote mbili kwa pini, bana katikati, kisha weka mraba mkubwa chini, upande wa meno ya cherehani, kwa sababu meno hukivuta kitambaa cha chini kwa kasi kidogo kuliko mguu unavyokiachia cha juu, na ile ziada hupotea polepole bila kujikunja. Sentimita nzima haimezwi. Ukijaribu, utapata miraba iliyofutuka kama mkate.

Njia ya pili ni kuipunguza miraba mikubwa ifikie saizi ya midogo, nusu sentimita kila upande. Ni njia nzuri, ila ina mtego ambao hauonekani hadi umeshakata. Mraba mkubwa uliopunguzwa utakuwa na viraka vya pembeni vya sentimita 4.5 na vya ndani vya 5, ilhali ule mdogo una 4.9 pembeni na 4.8 ndani. Jumla ni 29 kwa 29, lakini ukiilaza ubavu kwa ubavu, mshono wa kwanza wa huku na wa kule utapishana kwa milimita 4, wa pili kwa 2, na wa katikati tu ndio utakutana. Jicho husamehe mambo mengi katika mfarishi, ila si makutano ya mishono yanayokaribia kukutana.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo ninayokushauri, ni kupunguza kama nilivyosema na kisha kuweka mkanda wa kitambaa kimoja kati ya kila mraba na jirani yake. Mkanda ukiwepo, hakuna mshono unaolazimika kukutana na mshono wa jirani, na tofauti ya milimita 4 haina pa kujionyesha. Mkanda pia unakutatulia lile la miraba 7 isiyokuwepo. Chukua miraba 20 tu kati ya 23, uipange minne kwa mitano, na uweke mikanda ya upana wa sentimita 5 ikishashonwa, kati ya miraba na kuzunguka nje. Upana utakuwa miraba minne ya 29 na mikanda mitano ya 5, yaani sentimita 141. Urefu utakuwa miraba mitano na mikanda sita, yaani 175. Mpango wako wa awali ulikuwa 150 kwa 180. Ongeza pambizo la sentimita 4.5 kila upande na utapata 150 kwa 184. Mfarishi ni uleule kwa ukubwa, umeepuka kazi ya miraba saba, na utabakiwa na mitatu ambayo nitakuambia uifanyie nini.

Kuhusu kile kitambaa cha kijani, usihangaike kutafuta pacha wake. Hata kingepatikana, kitambaa cha chapa moja kilichotiwa rangi kwa awamu tofauti hutofautiana, na cha kwako kimekaa miaka 11. Kanuni ninayoifuata ni hii: kitambaa kigeni kikitokea mara moja huonekana kosa, kikitokea mara nne tano, kimetawanywa, huonekana nia. Wanawake wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari ikienda upande na rangi zikibadilika palipoishiwa na kitambaa, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa ukutani katika jumba la Museum of Fine Arts mjini Houston. Sikuambii uige mtindo wao, kwa sababu wako ni wa miraba iliyonyooka. Nakuambia tu kwamba kuishiwa na kitambaa ni jambo la kawaida kabisa katika kazi hii na halijawahi kuwa sababu ya kuizika. Kwa mikanda ningechagua rangi moja tulivu, nyeusi zaidi au nyeupe zaidi kuliko viraka vingi ulivyo navyo, ili kila mraba usimame peke yake.

Sasa usafi, ambao kwa utaratibu wa kazi ndio utakaoanza nao, kabla ya kupunguza chochote. Jibu la "nifue kwanza?" lina sehemu mbili. Kufua kwa mashine au kwa kusugua, hapana. Uso ambao haujatiwa ujazo na bitana una mamia ya kingo zilizo wazi kwa nyuma. Ukisukwasukwa majini kingo hizo hutoa nyuzi, nyuzi husokotana, na akiba ya milimita 6 hurudi ikiwa 3. Kuloweka kwa utulivu, ndiyo, na una bahati kwamba miraba yako bado haijaunganishwa, kwani kila mmoja unaenea kwenye beseni.

Chomoa pini zote kwanza na uzitupe. Toa miraba nje kwenye kivuli chenye upepo kwa siku moja au mbili. Uvundo unatokana na unyevu ulionaswa, kwa sababu plastiki haipumui: unyevu uliomo ndani siku ya kufunga mfuko hubaki humo. Kama ni harufu tu, hewa itaipunguza sana. Ukiona vumbi la kijivu au madoadoa meusi, hiyo ni kuvu. Ipanguse ukiwa nje, kwa brashi laini, ukiwa umeziba pua na mdomo. Kisha pima rangi: lowesha kitambaa cheupe, kikandamize kwa dakika moja juu ya kila rangi kali, hasa nyekundu, buluu iliyokolea na nyeusi, na utazame kama kimeshika rangi. Kisiposhika, loweka mraba mmoja mmoja katika maji baridi mengi bila sabuni hadi mistari ya buluu itoweke, ubadilishe maji, uurudie. Nasema bila sabuni kwa sababu baadhi ya sabuni hukaza ule wino. Usiukamue mraba kwa kuusokota. Ulaze juu ya taulo, uviringe pamoja nayo, ukandamize, halafu uuanike ukiwa umelazwa bapa. Mistari mingine hurudi kitambaa kikikauka, kwa kuwa wino uliozama kwenye nyuzi hupanda na maji yanapovukizwa. Hilo likitokea, loweka tena. Ukiwa na hakika kwamba hakuna buluu iliyobaki, ndipo pasi inaruhusiwa, tena kwa kukandamiza na kuinua, si kwa kusukuma. Mikunjo ya miaka 11 haitaisha kwa pigo moja. Nyunyizia maji, acha dakika kadhaa, rudia.

Rangi ikitoka kwenye ule mtihani wa kitambaa cheupe, mraba huo usiuloweke. Gusa mistari ya buluu tu kwa pamba ya masikioni iliyochovywa maji baridi, ukiwa na taulo kavu chini yake.

Kutu ina hila zake. Watu wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote unayoweza kufanya hapa, kwa sababu klorini huigandisha kutu badala ya kuitoa, na pamoja na kutu huila pamba inayoizunguka. Kabla ya kufikiria dawa, pima nguvu ya kitambaa. Inua mraba uutazame dhidi ya mwanga, kisha shika pande mbili za doa kwa vidole gumba na uvute kidogo. Kikisikika kama karatasi, au ukiona vitundu, dawa haina maana: badilisha kiraka hicho kimoja. Hutahitaji kufumua mraba mzima. Fumua mishono minne inayokizunguka kiraka na nusu sentimita ya kila mshono unaopakana, utie kipya, umalizie pembe kwa mkono. Au shona kiraka kipya juu ya kile cha zamani kwa sindano ya mkono, kingo zikiwa zimekunjwa ndani. Baada ya kufuliwa mara moja hakuna atakayejua. Kama kitambaa bado kina nguvu na doa ni dogo kama punje ya mtama, mimi ningeliacha.

Tukifika kwenye tabaka tatu, nadhani hofu yako imejengwa juu ya dhana kwamba tatizo ni unene na kwamba cherehani ya nyumbani haina nguvu ya kuupenya. Unene mara chache huwa tatizo. Cherehani inayopinda suruali ya jinzi itapita kwenye pamba, ujazo na pamba bila kulalamika, mradi uwe na sindano mpya ya namba 90 na urefu wa mshono wa milimita 3 hivi. Tatizo halisi ni kuteleza. Meno ya cherehani yako chini. Yanavuta bitana kuelekea nyuma, huku mguu ukiburuta uso kuelekea kwako, na katikati kuna ujazo laini unaoruhusu vyote viwili viachane njia. Kila mshono unasukuma wimbi dogo la kitambaa mbele yake, na wimbi hilo likifika kwenye mshono mwingine unaolikatiza, linakunjika na kushonewa hapohapo. Ule mkunjo unaouona nyuma ya mifarishi ya wanaoanza ni wimbi lililokosa pa kwenda.

Dawa zake ni mbili na zote hufanyika kabla au nje ya nguvu ya mashine. Ya kwanza ni kupiga bandi, yaani kushikiza tabaka kwa muda, kwa ukarimu. Laza bitana kifudifudi sakafuni, iwe kubwa kuliko uso kwa sentimita 10 kila upande, uibandike kwa mkanda wa gundi ikiwa imenyooka bila kunyoshwa kwa nguvu. Weka ujazo juu. Weka uso juu yake. Piga bandi kwa uzi mrefu au kwa pini za kufunga zisizoshika kutu, kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha nafasi isiyozidi kiganja. Kazi hii huchosha magoti na hakuna anayeipenda, na ndiyo maana hufanywa kwa haraka, na ndiyo maana mifarishi hukunjika. Dawa ya pili ni ule mguu wa cherehani wenye meno yake ya juu, ambao huvuta uso sambamba na bitana. Cherehani nyingi za nyumbani huukubali. Ukiwa nao, shona mistari iliyonyooka pembezoni mwa mikanda, kwanza mkanda mmoja wa katikati kwa urefu, kisha mmoja wa katikati kwa upana, halafu uendelee kutoka hapo kwenda nje, ukiwa umeviringa upande unaopita chini ya mkono wa cherehani.

Utasikia kila mahali kwamba lazima uanze katikati, na kwa mfarishi wako ni kweli, lakini ni vizuri ujue kwa nini. Uso wako umekwisha kukamilika. Ukubwa wake umefungwa, kwa hiyo wimbi lolote lazima lipewe njia ya kutokea pembeni. Wasidi wa Karnataka nchini India, ambao ni watu wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi yao, iitwayo kawandi, kinyume kabisa: huanza ukingoni na kuzunguka wakielekea katikati. Wanaweza kwa sababu hawana uso uliokwisha kuunganishwa. Kila kiraka hulazwa na kushonewa hapohapo kwa mkono juu ya bitana, kikinyooshwa kadiri kinavyowekwa, na wimbi halipati nafasi ya kuzaliwa.

Mistari iwe mingi kiasi gani? Hilo huamuliwa na ujazo, si na wewe wala mimi. Lebo ya ujazo hutaja umbali mkubwa unaoruhusiwa kati ya mistari. Baadhi ya ujazo wa pamba uliotiwa wavu mwembamba huvumilia sentimita 20 na zaidi, ilhali ujazo usiofungwa huhitaji mishono ya karibu zaidi, vinginevyo hugandana kuwa mabonge ukifuliwa. Kama lebo imepotea, mstari kila sentimita 10 ni makadirio ya busara.

Kama cherehani bado inakutisha, yapo mengine, na kila moja lina gharama yake. Kushona kwa mkono kunapendeza kuliko yote kwa macho yangu, lakini piga hesabu: mistari ya kila sentimita 10, kwa urefu na kwa upana, katika mfarishi wa 150 kwa 184 ni karibu mita 55. Ukishona mita moja kwa saa, hizo ni saa 55, na mtu aliyekwisha kukwama miaka 11 anapaswa kuwa mkweli kuhusu jioni alizo nazo. Kufunga mafundo ya uzi mnene kila sentimita 10 ni mafundo kama 270, kazi ya siku mbili tatu; wapo wanaoiona njia hiyo ni ya mkato, nami siwaungi mkono, kwani mfarishi uliofungwa mafundo yaliyokazwa vizuri hudumu, ila unataka ujazo unaostahimili nafasi hiyo. Kumlipa fundi mwenye cherehani kubwa ya fremu ni chaguo la heshima pia. Muulize mapema anataka bitana iwe na ziada ya sentimita ngapi, na usimpigie bandi, kwa maana yeye huzifunga tabaka kwenye fremu zikiwa mbalimbali.

Ukingo nitausema kwa kifupi kwa sababu hauna fumbo. Mzingo wa mfarishi wako ni sentimita 668; ongeza 30 za pembe na maungio. Utepe wa upana wa sentimita 6, uliokunjwa mara mbili, utapatikana kutoka nusu mita ya kitambaa chenye upana wa 110. Unganisha vipande vyake kwa mshazari ili unene wa maungio utawanyike.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Cherehani ikiruka mishono hata baada ya kubadilishwa sindano na kutiwa uzi upya, ipeleke kwa fundi wa cherehani. Huenda sindano na ndoano yake havikutani kwa wakati, na hilo halirekebishwi kwa kukisia. Kuvu ikiwa imeenea kwenye miraba mingi, au ukianza kukohoa unapoigusa, funga kazi na utafute ushauri ana kwa ana kwanza. Na kama ndani ya ule mfuko kuna viraka vilivyorithiwa, hariri ya zamani inayopasuka yenyewe, au viraka vilivyoshonewa juu ya karatasi za kale, usivitie maji kabla ya kumwonyesha mhifadhi wa nguo, wa makumbusho au wa binafsi. Karatasi hizo zinaweza kuwa na tarehe na maandishi, na hariri hiyo haitasimama tena ikishalowa. Maumivu ya kiganja au kidole gumba yanayobaki hadi asubuhi ni ya daktari, si ya kuvumilia.

Ile miraba mitatu iliyobaki ndiyo utakayoigusa kwanza baada ya usafi. Mmoja uwekee kipande cha ujazo na kipande cha bitana, upige bandi, ushone mistari yako ya majaribio, uupime, kisha uufue na kuukausha jinsi utakavyoufua mfarishi wenyewe na uupime tena. Utaona rangi zinavyofanya na ujazo unavyosinyaa, kwa maana ujazo wa pamba mara nyingi hupungua kwa asilimia 3 hadi 5 ukifuliwa mara ya kwanza. Wa pili uhifadhi kama akiba ya viraka vya kubadilishia vile vyenye kutu, kwani rangi zake zimezeeka pamoja na nyingine. Wa tatu kunja kingo zake ndani, ushone kwa mkono kwenye pembe ya chini ya bitana, na juu yake uandike kwa uzi miaka miwili: ule ulioanza na ule utakaomaliza.